Deraya Iliyofunguka Ubavuni

Deraya, vazi la chuma la vitani, niliyoitengeneza kwa mikono yangu ilifunguka mara tatu, pahala pale pale, mara ya tatu mlango ukiwa umefungwa kwa kufuli.

Msinicheke. Mie si mtu wa kuogopa kila kivuli.

Ilikuwa 1984, Mudhaibi, Omani. Nilikuwa na karakana ya mageti na madirisha ya chuma, nyuma ya nyumba niliyokaa na mama yangu, Bi Ghaniya. Tulitoka Unguja baada ya mapinduzi, wawili tu. Kaka yangu Azzan hakuja.

Mama nilimwambia Azzan kakimbilia pwani, kapanda mashua. Uongo mtupu.

Siku zile za mapinduzi nilikuwa nimejificha nyuma ya pipa, nikaona alivyochomwa kisu ubavu wa kushoto. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Sikutoka.

Na mama, miaka ishirini yote, kila mlo anamwekea Azzan sahani yake. Mimi naitazama, nakula.

Basi akaja Mista Kolin, Mwingereza, mwalimu wa shule mjini Ibra, Kiswahili chake cha Mombasa. Kwao ana wenzake wanaojivika kama askari wa Kirumi wa zama za mwisho wa dola yao, kuigiza historia. Akataka deraya ya vibao vidogo vya chuma, mia nne, vishonwe kwa kamba za ngozi, safu ya chini ipande juu ya ile iliyo juu yake.

Nikaona nimtie madoido. Nikampambia deraya shingoni kwa shaba. Akakunja uso.

"Nani kakwambia walitia shaba hapa?"

"Si inapendeza, mwalimu?"

"Inapendeza, lakini ni uongo. Hata kwamba Warumi walizivaa sana hatuna hakika. Tuna vipande vya makaburini na picha za kwenye mawe, basi. Nisichokijua usinijazie, Hamdun."

Neno lile lilinichoma. Nikaibandua shaba.

Deraya nikaivika kwenye kiunzi cha mbao. Jumanne baada ya adhuhuri, watu wamelala kailula, nikarudi karakanani. Vibao vitatu vinaning'inia, ubavu wa kushoto. Kamba imekatika.

Nikasema ngozi mbovu hii. Nikashona upya.

Jumatano, palepale.

Alhamisi nilifunga kwa kufuli, ufunguo nikautia mfukoni, nikakaa nje mlangoni. Jua kali, upepo hamna. Nikasikia ndani: cha… cha… cha… Vibao vinapanda na kushuka, taratibu, kama kifua cha mtu anayepumua.

Nikafungua. Hamna mtu. Vibao vile vile vitatu vinaning'inia, kamba mpya iko chini.

"Azzan," nikasema, "nisamehe kaka yangu."

Ijumaa tukakaa kula. Sahani ya Azzan ipo. Nikashindwa.

"Mama, Azzan hakupanda mashua."

Nikamweleza yote, mpaka pipa. Sikumtazama usoni.

Hakulia. Alikuwa akitoa miba kwenye samaki, akaendelea kutoa.

"Najua," akasema. "Ubavu wa kushoto. Aliyemwosha aliniambia wiki ile ile."

"Na sahani je, mama?"

"Sahani niliiweka uione wewe. Nilikuwa nangoja uniambie, mwanangu. Mwaka wa kwanza nikasema bado mtoto. Umekuwa mtu mzima, umeota mvi, kimya! Nilipoliona lile dude lako limesimama kama mtu, nikasema hapa hapa atasema tu. Nikachukua kisu cha jikoni, nikakata."

Nikashusha pumzi. Kumbe!

"Mama wewe, umenitia hofu bure! Mara tatu zote?"

Akaacha samaki. "Tatu? Wallahi nimekata mara mbili. Jana nilikuwa sokoni Sinaw tangu alfajiri mpaka magharibi, na jirani yetu Bi Mahfoudha. Muulize."

Tukatazamana.

Mama akanyoosha mkono, akanishika kichwa, akakilaza mapajani kwake. Hapo ndipo tulipolia, mimi na yeye, kwa mara ya kwanza tangu Unguja.

Siku ile akaitwaa sahani ya Azzan, akaiosha, akaiweka kabatini na nyenginezo.

Wenzangu, msimfiche mtu msiba wake mkidhani mnamhurumia. Mama alikuwa na habari zote. Alichokikosa miaka ishirini ni mtoto wa kulia naye.