Picha Ninayo, Picha Anazo

Mume wangu ni fundi wa kompyuta, kibanda chake kiko Kibarani. Mama yangu anakaa Mnarani, ng'ambo ya daraja. Tangu nilipoolewa watu hawa wawili walikuwa hawajawahi kuzungumza, na si kwa ugomvi. Kwao mume wangu, huko ndani Ganze, mama mkwe huachiwa njia: humkazii macho, hukai naye ukumbi mmoja, humpi mkono. Mama naye ni mtu wa Malindi mjini, wa zile nyumba za zamani, na haya alizonazo zingetosha kugawiwa mtaa mzima. Basi mume wangu akimpelekea kitu husimama nje ya mlango, shikamoo yake ikaingia kwa upande huu wa pazia, marahaba ikatoka kwa upande ule, yamekwisha. Yaliyobaki yote yalipitia kwangu. Mwambie mumeo hivi. Mwambie mama hivi. Nilikuwa mdomo wa watu wawili wazima wenye midomo yao, na hakuna aliyewahi kunipa pole.

"Mumeo" ndilo jina pekee alilokuwa nalo kwa mama. Posa ilipoletwa, mama alikuwa na mtu wake moyoni wa kunioa, kijana wa jirani, na huyu wa Ganze alimkubali shingo upande baada ya ndugu zake kumsihi. Mume wangu alilijua hilo, maana kwenye harusi watu hawana siri. Kila marahaba iliyotoka nyuma ya pazia aliipima, leo ilikuwa nzito, leo ilikuwa fupi. Mama hajanikubali, huniambia. Mimi humwambia hiyo ni haya. Naye huuliza ni haya gani hiyo isiyomzoea mtu miaka yote. Hata mimi sikuwa na hakika.

Sasa kazi yake. Kompyuta ikiingia kwake mara ya kwanza, anaiwekea mfumo, yaani kile kinachoifanya iamke na kujua kwamba yenyewe ni kompyuta. Anaongeza programu anazotaka mwenyewe, anaizoesha printa ya mwenyewe, anaondoa takataka. Ikishatulia, kabla haijaanza kuchezewa, anachukua nakala kamili ya sehemu ile mfumo unapokaa na kuiweka kwenye diski kubwa anayoifungia kabatini. Nakala hiyo mafundi wanaiita picha. Siku kompyuta ikiugua hahangaiki kuweka mfumo upya, hiki kwanza, kile baadaye, shughuli ya kutwa. Anaiamsha kwa flashi, anaunganisha diski yake, anachagua picha ya kompyuta ile na kuirudisha juu ya mfumo mgonjwa. Wali haujakauka jikoni, kompyuta imeamka vilevile kama ilivyokuwa siku ilipopigwa picha. Ila chochote kilichowekwa sehemu ile baada ya siku hiyo kinafunikwa. Hilo ndilo sharti lake.

Kwa sababu ya sharti hilo, diski ya kila mteja anaigawa vyumba viwili. Chumba cha mbele ni cha mfumo. Chumba cha ndani ni cha vitu vya mwenyewe, na picha ikirudishwa hicho hakiguswi. Kompyuta ya mama aliigawa hivyo hivyo, nami nikatumwa Mnarani na maneno: mwambie mama kitu cha thamani akiweke chumba cha ndani. Mama akaelewa vizuri sana. Mtu wa Malindi utamfundisha nini kuhusu chumba cha ndani?

Mama alikuwa karani wa shule mpaka alipostaafu, na kompyuta anaijua kuliko mimi. Barua zake, kumbukumbu za chama cha akina mama, dua alizozipiga chapa mwenyewe, vyote vilikaa ndani kwa mpangilio. Kisha akaenda Umra. Alikwenda na wanawake wenzake wa msikitini, akarudi amepungua mwili, sauti imelainika, na simu imejaa picha. Hakumtumia mtu hata moja. Ibada hairushwi kwenye simu za watu, alisema, huko ni kujionyesha. Lakini mgeni aliyekuja kumsalimu, akaketi, akanywa kahawa, huyo alionyeshwa zote, moja baada ya moja, na maelezo yake. Simu ilipokataa kupokea hata ujumbe, alizihamishia kwenye kompyuta na kuzifuta kule. Akaziweka usoni kabisa, pale ambapo kioo kikiwaka tu unaziona. Yaani chumba cha mbele.

Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakuziweka ndani, alinitazama kana kwamba nimelelewa porini. Picha ni za wageni, alisema, na tangu lini mgeni akapitishwa chumba cha ndani? Ndivyo alivyotulea.

Siku ile kompyuta ilikataa kuwaka. Mama alinipigia akasema kioo ni cheusi na kina maandishi meupe asiyoyaelewa. Niliipitia, nikaifikisha Kibarani. Mume wangu aliichunguza akasema diski ni nzima, kilichoharibika ni mfumo, na dawa yake ni kurudisha picha. Lakini akataka kwanza nimuulize mama vitu vyake viko chumba gani. Sikatai, aliuliza. Nikapiga simu palepale kibandani, huku jenereta ya jirani ikinguruma. Mama akajibu kwamba vitu vyake vyote viko ndani, kama mumeo alivyoagiza. Kisha sauti yake ikashuka kidogo.

"Mwambie picha asije akazipoteza."

Nikamgeukia mume wangu, nikamwambia mama anasema usipoteze picha. Akacheka. Alifurahi hasa, maskini, kuona mkwewe amejifunza neno la ufundi.

"Mwambie asiwe na wasiwasi," akasema. "Picha ninayo."

Nami nikasema kwenye simu: "Picha anazo, mama. Usiwe na wasiwasi."

Ninayo, anazo. Mwisho wa neno tu. Lugha yetu inaita picha moja picha, na picha mia picha, mpaka uongeze kitu mbele yake ndipo mtu ajue ni ngapi, nami niliongeza kile nilichokuwa nacho kichwani. Nilizijua picha za Umra, nilizitazama mpaka nikachoka, na nikaamini mume wangu amezihifadhi kwenye ile diski ya kabatini kwa sababu ndiyo tabia yake kuhifadhi. Anayetaka kunitwika lawama anitwike. Wenyewe walikuwa na simu, na walikuwa na ndimi. Mama alishukuru Mungu, mume wangu akabonyeza.

Nilikuwapo, na hakuna cha kuona. Ni mstari unaojaa polepole kutoka kushoto, na yeye pembeni anakula mahamri. Ulipofika mwisho aliizima kompyuta, akaiwasha, ikaamka mbichi kabisa na yale maua aliyoyaweka siku ya kwanza. Akachungulia chumba cha ndani, barua zipo, dua zipo. Akaipangusa kwa kitambaa, jambo ambalo wateja wengine hawafanyiwi.

Mama aliifungua mbele yangu, mezani kwake. Aliyatazama yale maua kwa utulivu, akingoja.

"Haya," akasema, "na picha?"

Nikampigia mume wangu, nikamuuliza zile picha za Umra ameziweka wapi. Picha zipi, akauliza. Nilitoka uani nikamweleza kwa sauti ndogo. Akasema kompyuta isiwashwe tena, irudishwe kwake hivyo hivyo.

Niliporudi ndani mama alikuwa ameshaelewa. Hakulia wala hakulaani. Aliikunja kompyuta, akasema yote ni ya Mungu, akaenda jikoni kuosha vikombe vilivyokwisha kuoshwa. Niliumia kuliko kama angenipigia kelele. Kelele zake nazijua, ningejua la kujibu.

Mume wangu akasimamisha kazi zote. Kuna programu inayopekua diski punje kwa punje ikitafuta mabaki ya kilichofunikwa, na aliiacha ikipekua, naye ameketi mbele yake kama anayelinda mgonjwa. Wateja waliambiwa warudi kesho, na kesho wakaambiwa vivyo hivyo. Hakuwa anakula vizuri. Alikuwa mkali kwangu kwa lile "anazo" langu, nami nikawa mkali kwake, kwamba mwanamume mzima mwenye ndevu anashindwa kumuuliza mwanamke mzee swali moja kwa mdomo wake. Tuligombana vibaya, sisi ambao hatuna desturi hiyo. Mwisho wa maneno yote akakaa kitandani, akatoa lile lililokuwa likimkaba.

"Mama yako alikuwa anatafuta sababu miaka yote. Sasa nimempa."

Hasira zikaniishia. Nilimwonea huruma, nikamkasirikia mama na pazia lake, nikajikasirikia mimi niliyekuwa katikati na nikashindwa kazi moja tu ya kuwa katikati.

Diski ilitoa ilichoweza. Mafaili mengi yalifunguka kijivu kitupu. Moja lilikuwa na ukanda mwembamba wa taa za barabarani, basi. Moja tu ndilo lililopona mpaka nusu, nusu ya juu: mbingu nyeupe ya mchana, vichwa vya nguzo, na mikono miwili imeinuliwa, viganja wazi, mpaka kwenye vifundo. Chini ya hapo ni kijivu. Ilikuwa mikono isiyokuwa na mtu. Mume wangu aliichapisha kwa karatasi nzuri, akasema hii anaipeleka mwenyewe.

Tulikwenda pamoja. Alisimama nje ya mlango kama kawaida yake, akatoa shikamoo, marahaba ikatoka. Nikanyoosha mkono nichukue karatasi niingie nayo, kama kazi yangu ilivyokuwa. Hakunipa. Aliinamisha macho akasema kwa sauti, kulielekea pazia:

"Mama, picha zako zimepotea mikononi mwangu. Nimepata nusu ya moja. Nakuomba radhi."

Najua maneno yale yalivyomtoa jasho, nililiona shingoni. Nilianza kutafuta la kusema, maana nimezoea kujaza kimya cha hawa wawili, lakini pazia likavutwa na mama akatokea, mtandio ameubana chini ya kidevu. Wallahi sikuwahi kumwona akimtazama mume wangu usoni. Alimtazama, akaitazama karatasi.

"Pita ukae," akasema.

Mume wangu aliketi kwenye ncha ya kiti kama aliyeitwa kituo cha polisi. Mama akaketi kumwelekea, akaipokea karatasi na kuilaza mapajani bila kuisemea. Kisha akaanza kumsimulia. Picha ya kwanza, tuko uwanja wa ndege, na mwenzetu mmoja kwa haraka zake amevaa kiatu kimoja chake na kimoja cha mumewe, na hakujua mpaka tulipokuwa angani. Ya pili, chumba tulicholala, vitanda vimebanana, yule mkoromaji amewekwa mlangoni. Alizisimulia moja baada ya moja kwa mpangilio uleule aliowasimulia wageni, mikono yake ikionyesha nani alisimama wapi. Mume wangu alisikiliza akitikisa kichwa. Kwenye ile ya viatu alicheka, akajikuta amesahau kuinamisha macho, na mama hakuonekana kujali. Niliwaletea kahawa. Kwenye moja niliyoikumbuka vizuri nilitaka kuongeza neno, mama akanikata jicho, nikanyamaza. Ilinichoma kidogo, nikiri, kukuta hawanihitaji.

Picha zikamwishia, ikabaki ile iliyokuwa mapajani. Mama akaweka kidole penye viganja.

"Mikono hii ni yangu," akasema. "Wageni nilikuwa nawaambia hapa naomba dua, basi. Hakuna aliyeniuliza namwombea nani."

Mume wangu naye hakuuliza. Kikombe alikuwa amekishika kwa mikono miwili.

"Hapa nilikuwa nakuombea wewe, mwanangu."