Mkono Ndani ya Picha

Nimepiga picha nyingi kuliko mpiga picha yeyote wa harusi kule Iringa, na karibu zote ni za viatu. Ndiyo kazi yangu hapa Guangzhou. Asubuhi naingia Zhanxi, soko la viatu vya jumla, napita duka kwa duka, napiga kiatu ubavuni, kisigino, soli, nabandika kwenye stetasi, kisha nasubiri wateja wa nyumbani waseme chukua au acha. Najua taa ipi inakifanya king'ae na ipi inakifanya kionekane cha mtumba.

Mama naye huzitazama stetasi hizo. Jumapili moja, baada ya shikamoo na habari za mahindi, aliniambia jambo lililonikaa kifuani.

"Mwanangu, kila nikipiga magoti kukuombea nakuona umekaa katikati ya viatu. Miaka yote hii sijui unaishi mahali gani. Nitumie picha ya huko uliko, nijue pa kukuweka."

Mama hasafiri tena. Goti lake halimruhusu hata kupanda basi la Dodoma. Asipoiona Guangzhou kwenye picha, hataiona kabisa. Nikaahidi.

Ilikuwa Oktoba, nami nikaona kazi rahisi. Ninaishi Xiaobei, na nyuma ya mtaa wetu, mwendo wa miguu tu, kuna ziwa lenye bustani. Nikaenda, joto bado la kutoa jasho, nikapiga maji, nyasi na migomba iliyopandwa kando ya njia. Mama akajibu, "Hapo si Tukuyu?" Nikaitazama picha upya. Ni Tukuyu tupu.

Mwenzangu wa chumbani, Mzanzibari anayenunua vitambaa, alinicheka sana. "Shoga, ngoja baridi," akasema. "Ile miti iliyosimama majini itageuka rangi. Hapo mama'ko atajua si Bara wala Pwani."

Nikangoja, na katika kungoja nikanogewa. Asubuhi nyingi kabla maduka hayajafunguliwa nilipitia ziwani. Miti mingi ya mji huu haina habari na majira, Novemba nzima imevaa kijani chake. Lakini ile ya majini, jamaa ya misonobari, yenye vijani vyembamba kama meno ya kitana, ilianza kubadilika nchani. Kwanza rangi ya wali wa binzari. Kisha Desemba, baridi ilipoingia kwa kweli, ikawa nyekundu ya tofali la kuchoma. Yangeyange walitua juu yake, na wazee wa Kichina wakaja na kamera zenye midomo mirefu, vigoda na chupa za chai, wakamngoja ndege mmoja aruke. Mimi, ambaye sokoni sina subira hata ya kuandikiwa risiti, nilijifunza kukaa nao kimya. Nilikuwa na furaha, tena ya bure.

Asubuhi moja upepo ulikufa kabisa, miti ikajitazama majini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nikalala kifudifudi kwenye nyasi zenye umande, nikiwa na koti jipya, nikapiga. Nilijua nimeipata. Nikaibandika. Mteja wa Kariakoo akauliza rangi hiyo ipo kuanzia saizi gani. Mama akauliza, "Hii kalenda ya mwaka gani?"

Nilikasirika, nikaipeleka hasira yangu hadi Barabara ya Huanshi na kurudi nayo. Ila ukweli ni kwamba sebule ya mama imejaa kalenda: milima ya theluji, misitu myekundu, sehemu ambazo hakuna mtu wa kwetu aliyewahi kukanyaga. Angeaminije? Mwenzangu akasema nijipige uso mbele ya miti. Lakini studio za kwetu zimewasimamisha watu mbele ya maporomoko ya maji ya kuchorwa tangu mama akiwa msichana. Uso mbele ya mandhari haujamhakikishia mtu kitu.

Halafu nikakumbuka kwamba malalamiko hayo nayajua. Mteja ukimtumia kiatu peke yake, anasema umekiokota mtandaoni. Dawa yake ni moja: kishike, mkono wako uonekane.

Kesho yake nikarudi palepale. Nikalishika tawi jekundu lililoning'inia karibu na njia, kama ninavyoshika kiatu, nikapiga kwa mkono wa pili, ziwa lote nyuma. Mkono ulioshika tawi una kovu la mundu, nilijikata utotoni nikimkatia ng'ombe majani, na mama ndiye aliyenifunga kwa pindo la kanga yake. Mzee mmoja mwenye kamera kubwa alikuwa akinitazama. Akatikisa kichwa, akaonyesha mkono wangu. "Bu yao, bu yao," akasema, neno tunalokatalia mali sokoni. Aliniona naiharibu picha nzuri. "Yao," nikamjibu, nautaka. Akacheka, akarudi kwa ndege wake.

Nikamtumia mama siku hiyohiyo. Jioni akapiga simu.

"Mbona mkono mkavu hivyo? Mafuta hupaki?"

"Ni baridi, mama."

"Na hilo kovu ni la mundu."

"Ndilo lenyewe."

"Kumbe ndipo ulipo," akasema taratibu.

"Ndipo nilipo, mama."

Nilipokata simu nilikuwa natabasamu peke yangu, na nikajipaka mafuta.

Mwisho wa mwezi mama aliipeleka picha studio, mjini, isafishwe kubwa ya ukutani. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mdogo wangu aliyemsindikiza. Fundi aliifanya kazi vizuri sana: maji, miti, yangeyange wawili, fremu ya dhahabu. Mkono alikuwa ameukata. Alidhani umeingia kwa bahati mbaya, akafanya wema wa kuuondoa. Mama aliitazama ile picha, akairudisha juu ya kaunta.

"Baba," akamwambia fundi, "kama nafasi haitoshi, kata miti."