Kumtajia Mama Njia

Nchi hii nimeizunguka sana, lakini karibu kila mara nikifuata jeneza. Wenzangu wa Kawangware wakisafiri hurudi na picha za ufuo na simba. Mimi ukiniuliza Busia kukoje, au Siaya, au kule chini ya Mlima Elgon, ninachokumbuka ni turubai, sufuria kubwa la chai na rangi ya udongo uliokuwa kando ya shimo. Sisi watu wa magharibi mwa nchi tunaoishi jijini ndivyo tulivyo. Ukiwa hai hatukupeleki popote, ukifa tunakukodishia basi zima.

Na kwetu maiti hasafirishwi kimya. Mtu wa damu yake hukaa karibu na jeneza akimtajia njia. Tukifika Naivasha anaambiwa hii ni Naivasha. Tukivuka mto anaambiwa tunavuka. Kabla ya yote hayo, asubuhi ya kuondoka, mtu huyo hubisha mlango wa nyumba aliyoishi marehemu na kumwambia twende nyumbani. Usipofanya hivyo atabaki alipo. Wapo wanaosema huo ni ushenzi, hasa waliookoka, ila basi likikaribia daraja la Nzoia nao hunyamaza na kusikiliza kama anatajiwa.

Mama yangu aliogopa jambo moja tu, kubaki Nairobi. Aliishi Kibera tangu nikiwa mtoto, chumba kimoja cha mabati karibu na Soko la Toi, akiuza omena, vile vidagaa vya ziwani, na mboga, na hakuna siku aliyopaita pale nyumbani. "Msiniache hapa," alituambia mara nyingi, mimi na kaka yangu, kwa sauti ileile aliyotumia kuagiza chumvi.

Alipozidiwa na ugonjwa nilimleta kwangu Gatina, hukohuko Kawangware, ghorofa ya tatu. Alitoka Kibera amelazwa kiti cha nyuma cha gari, hajitambui, na hakuzinduka tena hata akajua yuko wapi. Alifia kwangu. Kaka yangu alikuja kutoka nyumbani, akabisha mlango wangu, akamwambia twende, kisha akamtajia njia vizuri kabisa, mji kwa mji, mpaka kaburini karibu na Webuye. Hakuna kati yetu aliyekumbuka kwamba mlango ule haukuwa wa mama.

Miezi ikapita. Siku moja nikiwa kibandani pangu Toi, ninakopunguza suruali za mitumba, mwenye nyumba wa Kibera alinipigia simu. Ni mama mzee wa Kinubi, mtu wa maneno machache. Aliniambia nije asubuhi, nije mapema.

Nilipofika, mlango wa chumba cha mama ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Mbele yake udongo ulikuwa umefagiwa, mistari ya ufagio bado inaonekana. Upande wa kushoto wa kizingiti palikuwa na kichungu kidogo cha taka, na juu yake jiwe. Mama alifanya hivyo kila alfajiri. Alifagia, akarundika taka, akaweka jiwe ili upepo usizipeperushe mpaka amalize chai yake. Sijaona mtu mwingine mwenye tabia hiyo.

"Nani anafagia hapa?" niliuliza.

"Hakuna mtu. Tangu yeye, wapangaji wawili wamehama chumba hiki. Wa pili alitoka bila hata kuniaga."

"Ni hawa watoto wa vyumba vya hii plot wanacheza na sisi," nilisema, nikalipiga jiwe teke likaingia mtaroni. Hasira yangu huja haraka, hasa nikiogopa.

Mwenye nyumba alitazama jiwe lilipoangukia. "Njoo kesho," alisema.

Kesho yake jiwe lilikuwa palepale juu ya kichungu kipya, bado lina tope la mtaro.

"Mimi simwogopi mama yako," mwenye nyumba aliniambia. "Tumekaa na yeye vizuri. Lakini sisi wafu wetu tunazika hapa, Kibera ndio kwetu. Yeye si wa hapa. Mpeleke kwao."

Nilimpigia kaka. Nilimweleza habari ya ufagio na jiwe.

"Sasa sisi tulibisha mlango wa nani?" aliuliza. "Enda umchukue. Na usiangalie nyuma."

Basi nikaenda. Nilibisha mlango uliofungwa kwa kufuli, nikasema, "Mama, twende nyumbani," nikageuka nikaanza kutembea. Nilivaa spika za masikioni ili watu wadhani naongea na simu. Mama, hapa ni Toi. Mama, hii ni Ngong Road, ngoja magari yapite. Nilisubiri nafasi ya kutosha watu wawili ndipo nikavuka. Tulipopita Gatina nilifunga mdomo kabisa, asije akadhani ndiko tunakoenda.

Kwenye basi nilikata tiketi mbili. Jamaa mmoja alisimama karibu nami ameshika begi.

"Madam, hapa kuna mtu?"

"Kuna mtu."

Alikitazama kile kiti, akawa kama anataka kucheka, kisha akaacha. "Samahani, mama," alisema, wala hakuwa akiniangalia mimi. Akaenda kukaa nyuma.

Nilimtajia kila mahali. Nilimwonyesha bonde lote chini yetu. Timboroa nilimwambia ajifunike, kuna baridi. Kwenye daraja la Nzoia nilisema tunavuka. Kaka alitungoja njia panda, na tulipokaribia alisogea kando zaidi ya nilivyohitaji, akaacha nafasi. Kaburini nikasema, "Mama, tumefika."

Asubuhi mwenye nyumba alipiga simu. "Leo hapajafagiwa," alisema. "Ni vumbi tu." Mimi na kaka tulikaa uani tukalia kama watoto, kwa furaha.

Ningekomea hapo ingekuwa vizuri. Lakini ilibidi nirudi kazini, na katika basi la kurudi kiti cha karibu yangu kilikuwa kitupu. Nilimkosa mama kuliko nilivyomkosa siku ya mazishi. Tulipofika Nzoia mdomo ulisema wenyewe, tunavuka. Eldoret nikamwambia hii ni Eldoret. Ilikuwa tamu, siwezi kukana. Maishani mwangu sikuwahi kusafiri na mama bila ugonjwa wala msiba. Nilimwonyesha ziwa la Naivasha, nikamsimulia mambo ya kibandani. Mpaka Kawangware nilikuwa bado naongea. "Ngazi ni hizi," nilisema. "Pole pole." Nikafungua mlango, nikalala kama gogo.

Asubuhi nilitoka niende Toi. Varanda ilikuwa imefagiwa. Kushoto kwa kizingiti palikuwa na kichungu kidogo, na juu yake jiwe. Ghorofa ya tatu hatuna mawe. Hatuna hata udongo, ni saruji tupu, na udongo ule ulikuwa mwekundu, wa kwetu.

Kwanza niliogopa, nikakaa chini mlangoni. Kisha nikahisi nimefurahi kwamba amekuja, na furaha hiyo ikanitisha kuliko woga. Alituomba kitu kimoja tu maisha yake yote.

Simu ikalia. Alikuwa kaka.

"Ulifika salama?"

Nilitazama lile jiwe. Ningeweza kumdanganya.

"Tumefika," nilimwambia, na upande wa pili nikamsikia akivuta kiti na kukaa.