Kama Ilivyo Katika Ramani

Karani wa baraza la Lushoto husoma mkataba kuanzia nyuma. Kwanza huikunjua ramani iliyobandikwa mwishoni, akaitandaza kwa kiganja polepole, kana kwamba anamtuliza mtoto mwenye homa. Kisha hupitia orodha ya kazi. Maneno ya mkataba huyaacha mwisho, kwa sauti ndogo, na wanaosubiri kutia dole gumba huguna. "Bwana karani, hiyo ramani si picha tu?" Hezekia, fundi mawe wa Mlola, alimuuliza asubuhi moja ya ukungu, dole lake tayari lina wino. Alikuwa amepewa kazi ya kuchimba mfereji wa kiwanda cha mbao. "Mkataba unasema uchimbe kama ilivyo katika ramani," karani alimjibu. "Basi picha ndiyo inayoamuru, baba. Maneno yanaitikia tu." Akaufuata mstari wa mfereji kwa ukucha wake mrefu, kutoka mtoni, kupita migombani, hadi kwenye mawe mawili. Hapo Hezekia aliacha kutabasamu. "Hapo amelala mama yangu," alisema.  Karani alitoa leso yake nyeupe, akaanza kumfuta wino. Nyuma yao fundi mwingine aliyekuwa akisubiri alikohoa, akanyoosha dole: "Kama yeye hataki, mimi nipo." Hezekia alimtazama mtu yule na mtaimbo aliokuwa ameushika. "Nipake tena, bwana karani," alisema. "Kama mama hana budi kufukuliwa, basi na afukuliwe na mwanawe."