Nikaha Iliyosubiri Sauti ya Guleid

Ndugu yangu Guleid alikuwa dalali wa ngamia katika soko la mifugo la Garissa, na wallahi sijawahi kuona mtu mwenye kelele kama yule. Mimi, Raho, niliuza maziwa upande wa pili wa ua, nikimsikia akimkaripia mnunuzi mpaka mnunuzi anacheka na kutoa mkono. Nikimwambia apunguze, ananijibu, "Raho, wewe angalia vibuyu vyako."

Sauti ilipoanza kukwaruza alilaumu vumbi. Akanywa asali, akanywa habasoda, akasomewa Kurani. Mwaka ukapita. Aliposhindwa kumeza wali ndipo tukampeleka Nairobi, na daktari hakuzunguka: saratani ya koo, tena imeshakomaa. Walitoa koromeo zima. Alirudi kwake mtaa wa Galbet, hapa Garissa, na tundu shingoni, ndilo la kupumulia, na kimya kilichonitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Baadaye wakamwekea kidude cha plastiki ndani ya lile tundu. Akiziba tundu kwa kidole, pumzi hupita kwenye kidude hadi kooni na sauti inatoka. Sauti gani sasa! Nzito, ya kukoroma, kama jenereta inayokataa kuwaka. Neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Raho, chai yako haina sukari." Nililia mpaka nikaona aibu.

Alichokitaka kilikuwa kimoja. Binti yake wa pekee, Hinda, aliyefiwa na mama mapema, alikuwa ameposwa na Abdirahim, kijana mpole wa ofisi za kaunti, na nikaha ilipangwa baada ya Idi. Baba anaweza kumpa mtu mwingine uwakili amwozeshe binti. Guleid hakutaka kusikia hilo.

"Nimewauzia watu ngamia wao kwa mdomo wangu," alisema, kidole shingoni. "Wangu nimtoe kwa mdomo wa nani?"

"Aabe, mimi si ngamia," Hinda alimtania baba yake. Lakini naye alishikilia hapohapo: lazima amsikie yeye mwenyewe akiyasema maneno ya kumwoza.

Muuguzi alikuwa amemwonya mbele yangu. Kidude kisafishwe kila siku kwa kiburashi chake, na kitambaa cha kufunika tundu kiloweshwe, maana vumbi la huku halina huruma. "Na siku kinywaji kikikukohoza, mzee, usingoje. Ujue kidude kinavuja, na kinachovuja kinaingia mapafuni."

Ramadhani ikaingia. Guleid akaamua kwa akili zake mwenyewe kwamba maji yakigusa tundu mchana, saumu imevunjika. Kitambaa kikakauka, kiburashi kikawekwa rafuni. Hakumuuliza sheikh, hakumuuliza muuguzi. Baadaye sheikh alishika kichwa: mgonjwa kama yule ana ruhusa ya kula mchana kweupe, sembuse kulowesha kitambaa! Lakini nani angemwambia kitu dalali yule?

Pumzi yake ikaanza kupiga mluzi. Niliisikia hata nikiwa jikoni. Halafu wakati wa kufuturu, akinywa uji, kikohozi.

"Aabe, twende hospitali," Hinda akasema.

"Tende imenipalia."

Kesho yake hakugusa tende. Alikohozwa na maji matupu. Nikamfuata chumbani nikamfokea, "Guleid, unataka kufa?"

Akaziba tundu. "Nikienda Nairobi watanilaza. Nikaha itaahirishwa. Acha nimwoze kwanza."

Nilimgusa mkono, ulikuwa wa moto. Niliogopa, na kwa kuogopa nikazidi kumfokea.

Siku ya nikaha ikafika. Wanaume walikaa barazani, sisi wanawake nyuma ya pazia. Guleid akashika mkono wa Abdirahim. Tukasikia pumzi, tukasikia mluzi, maneno hayakuja. Mzee mmoja akasema bora ateuliwe wakili, pilau inapoa. Hapo Hinda akapaza sauti, jambo ambalo bibi harusi hafanyi: "Sitaki wakili! Nitamsubiri Aabe!"

Watu wa ukweni wakanuna. Abdirahim mwenyewe alikuwa ameshatoka kutafuta gari la kumpeleka mzee hospitali.

Nairobi walibadilisha kidude, ila mapafu yalikuwa yameshaharibika. Asubuhi moja muuguzi wa huko akatupigia simu Garissa: mzee anaomba sheikh, mashahidi na bwana harusi, tena fanyeni haraka. Nikaha za simu tumezizoea, nusu ya jamaa zetu wako ng'ambo. Sheikh alikuja na kandambili. Nikaweka simu juu ya kiti, spika wazi.

Sauti ikaja, ileile ya jenereta. "Abdirahim, nimekuoza binti yangu Hinda," pumzi, "kwa mahari tuliyokubaliana."

Hakukosea hata neno. Hinda aliuma ukingo wa mtandio wake, anacheka huku machozi yanamtoka.

Halafu nadhani kidole kilitoka kwenye tundu. Tukasikia mluzi, kisha kikohozi ambacho hakikuisha.

"Nimekubali!" Abdirahim alipiga kelele akiwa ameinamia simu. "Nimekubali nikaha yake! Aabe, nimekubali!"

Upande wa pili kitu kilianguka, mtu akamwita daktari, simu ikakatika. Alifariki kabla ya adhuhuri.

Abdirahim huja kwangu kunywa chai, na kila mara huniuliza kama nadhani mzee alisikia jibu lake. Namwambia, kwa kelele zile, hata soko la mifugo lilisikia. Anacheka, anamaliza chai yake. Haki ya Mungu, mimi sijui.