Siku Niliyomwita Mzee Hamisi "Kihamisi"

Kosa langu la mwanzo, na ninalisema mwenyewe kabla hamjalisikia kwa watu wa mtaa wetu wa Mwanga, lilikuwa kudhani kwamba kompyuta inajua neno linaanzia wapi na linaishia wapi.

Tasnifu yangu ya uzamili ilihusu maneno ya Kiha, lugha ya kwetu, katika Kiswahili cha wavuvi wa Ilagala. Nilishaitetea, nikapita, ikabaki kupakia nakala ya mwisho kwenye mfumo wa chuo kabla ya saa kumi jioni, na ukichelewa unasubiri mahafali ya mwaka ujao. Msimamizi alikuwa ameniandikia pembeni: "Lugha ni Kiha, si Ha. Rekebisha kote." Basi mimi, fundi niliyejifundisha kompyuta mwenyewe (pambizo nilikuwa nazipima kwa rula juu ya kioo, msinicheke), nikaiamuru mashine kila penye "Ha" iweke "Kiha", kote, kwa mpigo mmoja. Ikajibu imebadilisha maelfu ya sehemu. Nikashangaa kidogo, kumbe lugha yetu nimeitaja mara nyingi hivyo, nikafurahi, nikageuza faili kuwa PDF, nikatuma bila kuifungua, maana niliogopa nikiigusa pambizo zitasogea.

Nilikuwa steshenari kwa Mama Neema, foleni imejaa, na nilikuwa nimemwalika Mzee Hamisi, mvuvi aliyenipa nusu ya maneno yale, aje aone jina lake. Mama Neema akachapa ukurasa wa shukrani. Mzee akavaa miwani, akasoma polepole, kisha akaweka kidole juu ya jina.

"Shabani, mwanangu. Huyu Kihamisi ni nani?"

"Ni wewe, mzee." (Nilijibu kabla ya kutazama.)

"Mimi ni Kihamisi, kama kijitu? Na mama yako Halima umemwita Kihalima. Tumekukosea nini?"

Foleni nzima ikageuka. Mama Neema akainamia karatasi. "Na hii sKihaKihada uliyosomea ndiyo nini, ugonjwa?"

Ilikuwa shahada; mashine haikujali herufi kubwa wala ndogo, wala mwanzo wala katikati ya neno. Aibu ilinichoma, lakini udadisi nao haukuniacha, nikawa natafuta "ha" nyingine zilipojificha: hapa, habari, mashaka, hata samahani (ilikuwa samaKihani, kwa hiyo kuomba radhi kwa maandishi nisingeweza).

Nikapiga simu chuoni. Karani akafungua faili langu, akauliza, "Ndiyo wewe SKihabani?" Akacheka sana, ila akanirudishia nafasi ya kupakia upya, mwisho ni saa kumi ileile. Ilikuwa saa nane.

Nakala ya awali sikuitunza, basi nikageuza kinyume, kila "Kiha" irudi "ha". Maneno yakapona, lakini herufi kubwa zikapotea, na lugha yenyewe ikarudi kuwa "ha".

"Sasa ndiyo umenimaliza," alisema Mzee akichungulia kioo. "Hamisi wa herufi ndogo."

"Nisamehe, mzee. Sikukusudia."

"Najua. Mtu hamtukani mtu halafu akamwalika aje asome." Akavuta kigoda. "Haya, mimi nasoma, wewe rekebisha. Anza na mke wangu, naye yumo kwenye shukrani."

Akanisomea ukurasa kwa ukurasa, na kila tulipofika jina la mvuvi alikuwa ananiambia mtu huyo ni mtoto wa nani, nami namwomba tukimbie. Nilituma zikiwa zimebaki dakika sita.

Nilihitimu. Tangu siku ile sibadilishi neno kwa mpigo mmoja. Nalifuata moja moja, na kila faili nalifungua na kulisoma kwa sauti kabla ya kulituma.