Nyaya za Hawe

Wiki iliyopita, nyuma ya karakana moja hapa Gede, niliwakuta vijana wakichoma nyaya kuukuu ili wapate shaba. Moshi ule mchungu wenye kukwama kooni ulinisimamisha. Walidhani nimekuja kuwakemea. Kumbe mimi nilikuwa nimesharudi jikoni kwa Hawe, ndivyo sisi Wagiriama tunavyomwita bibi, nimechuchumaa kando ya meko nikimtazama akipitisha waya wa breki ya baiskeli motoni.

Aliuchoma kwa sababu nguruwe mwitu hunusa mkono wa mtu, na waya unaong'aa humshtua. Shamba letu lilipakana na msitu. Mahindi yakianza kubeba, nguruwe walitoka huko wakala, na walichoshindwa kula walikilalia.

Basi Hawe alitega vitanzi vya waya, lakini kwa kanuni zake. Alitega kwenye mapengo ya ua wake tu, upande wa ndani. Siku ya kuvuna, kabla hajavunja hindi la kwanza, aliuzunguka ua, akafungua vitanzi vyote na kuvitundika uchagani, juu ya meko, tulipohifadhi mahindi ya mbegu.

"Mahindi yametoka, ugomvi umekwisha," aliwaambia nguruwe, kana kwamba walikuwa wamesimama mlangoni.

Tena, alipokwenda kuokota kuni, alichomoa kila kitanzi alichokikuta msituni. Hivyo vilikuwa vya watu wanaotega paa ili wauze nyama, mwaka mzima, bila kujali mwenye mimba wala mwenye mtoto. Aliwachukia watu hao kuliko alivyowachukia nguruwe. Lakini waya ni waya, na Hawe hakutupa kitu. Alivileta nyumbani akavitundika pamoja na vyake.

Vingi vilikuwa vya jirani yetu Kazungu, na kila mtu alijua. Kazungu alikuwa akija kula ugali kwetu, vitanzi vyake vikining'inia juu ya kichwa chake, na hakuwa na njia ya kuvidai. Mimi nilikuwa nikijiuma midomo nisicheke.

Asubuhi moja, mahindi yakiwa bado mabichi, walikuja askari wawili wa wanyamapori. Hawakupekua nyumba. Waliingia moja kwa moja jikoni, wakatazama juu.

"Mama, nyaya hizi zote ni za nini?" aliuliza mkubwa wao, mtu wa bara.

"Hizi ni za akiba, za nguruwe. Hizo nyingine nimezitoa msituni mwenu, nikawafanyia kazi yenu."

"Hata nguruwe analindwa na sheria."

"Na mahindi yanalindwa na nani?"

"Mama, usijibizane. Hao si nguruwe wako."

"Wangekuwa wangu ningewafunga zizini. Ni wenu. Njooni basi muwafunge!"

Yule mdogo alicheka. Mkubwa hakucheka. Alisema rundo lile lingetosha kumpeleka ndani, na kwamba anamwachia kwa sababu ya umri wake tu. Walizikusanya zote, wakazunguka ua wakang'oa na zile zilizokuwa zimetegwa. Kazungu alikuwa amesimama njiani, mikono nyuma.

"Mama Kadzo!" alimwita Hawe kwa jina la mwanawe. "Kumbe mwindaji mkuu wa Gede ni wewe!"

Nilimtazama Hawe nikingoja amtaje. Hakumtaja. Nilimwona mwoga, nikaona haya kwa niaba yake. Kabla ya mavuno nguruwe walilimaliza shamba, na msimu ule tulikula mihogo hadi nikachukia harufu yake.

Tangu siku hiyo Hawe alikwenda kuni kama kawaida, lakini hakuchomoa tena hata kitanzi kimoja. Nikiona kimoja nikamwonyesha, alikikwepa, akapita. Nilidhani ni magoti yake, kuinama kumemshinda.

Nimekuja kuzisoma kanuni zile za wanyamapori ukubwani, peke yangu, kifungu kwa kifungu. Sijaona mahali zinapomtenga anayelinda chakula chake na anayemaliza msitu. Hawe aliliona hilo bila kujua kusoma. Kumtaja Kazungu mbele ya watu waliojua pa kutazama kabla hawajauliza kungekuwa kupoteza mate. Magoti yake yalikuwa mazima. Alikuwa ameacha kuwafanyia kazi.

Juzi tuliitwa barazani, eti kanuni zinarekebishwa na maoni yetu yanahitajika. Afisa kijana, shati limepigwa pasi, alitusihi wanavijiji tujitolee kuingia msituni kuchomoa mitego, kwa kuwa paa wanakwisha. Watu walipiga makofi. Mimi niliinua mkono.

"Tukishaichomoa," niliuliza, "tuiweke wapi?"

Alicheka, akidhani natania, akamnyooshea kidole mtu mwingine.